Kuhusu Tausi na Wimbo Mlioufunga

Rumonge, ufukweni kwa wavuvi

Kwa Dada yangu mkubwa Zuhura binti Juma, Ujiji.

Dada, shikamoo. Nimeiweka mbele kabisa, peke yake, ili ikufikie kabla hujaanza kukasirika. Mama naye umpe yake, umwambie nimeipigia goti ingawa naandika nimekaa kwenye kibao. Miguu yake imeacha kuvimba? Shemeji kifua kimepoa? Wanao, ambao nasikia sasa ni warefu kuliko milango, wanakusikiliza au wanakuitikia tu? Sisi huku tu wazima, kwa maana ya kwamba hakuna aliyezikwa. Mwajuma mke wangu ana mimba kubwa, anatembea kama aliyebeba ndoo iliyojaa. Mimi bado natengeneza karabai za wavuvi. Taa haina kwao, kwa hiyo na fundi wake ana kazi popote.

Kabla hatujafika mbali: huyo mtoto aliyesimama mlangoni kwako na Mama Asha muuza vitenge ni Tausi, mwanangu, ambaye ulikuwa unamjua kwa kusimuliwa. Usimshike mkono, wala usimwinue kidevu akutazame. Mpe kifuniko cha sufuria akae chini. Atakizungusha, na wewe utapata nafasi ya kuisikiliza barua hii mpaka mwisho. Kama anayekusomea ni shemeji, mwambie asiruke mahali penye jina lako. Najua huwa anaruka.

Nimemleta kwako kwa sababu huku hana tena mahali pa kukaa, na kwa sababu wewe ndiye uliyeufunga wimbo wake. Nataka uufungue. Hilo ndilo neno langu, mengine yote ni maelezo.

Habari za mji kwanza, maana adabu ni adabu. Uhuru tumeupata, nyuma yenu kidogo. Uliletwa kwa lori mpaka uwanja wa komini, ukapandishwa. Mlingoti ni uleule, kamba ni ileile, karani ni yuleyule ila sasa amenunua miwani. Tuliambiwa tupige ngoma tunavyotaka, na watu wanaitumia ruhusa hiyo mpaka leo. Karani amenieleza kwamba mimi, kwa kuwa nilizaliwa upande wenu, sasa ni mgeni, na mgeni akitoka bila lesepase, ile karatasi ya ruhusa ya kuvuka, harudi. Na lesepase zenyewe bado hazijafika. Zamani nilikuwa mtu wa kutawaliwa, nikivuka ziwa nitakavyo. Sasa niko huru, sivuki. Ndiyo maana Tausi amesafiri na Mama Asha, ambaye karatasi zake ziko sawa, na si na mimi. Usije ukasema ndugu yako amemtupa mtoto kama utambi ulioungua.

Sasa Tausi mwenyewe. Alizaliwa mzuri, watu wakaja kumtazama. Alipofika umri wa watoto wenzake kusema, wakaja kumtazama tena, kwa sababu nyingine. Ukimwita jina, kuku wanageuka kabla yake. Dagaa wakianikwa, yeye huwapanga kwa urefu, na ukimvurugia mmoja tu analia mpaka majirani wanakuja kuuliza nani amekufa. Sokoni huziba masikio. Nguo mpya huivua njiani akaiacha hapohapo. Si kiziwi. Mende akitembea ndani ya kabati, yeye anageuza shingo. Lakini neno la mtu lilikuwa linampita kama Kifaransa kinavyonipita mimi.

Mji ulimpa majina. Watoto wa bombani walimwimbia, "Kibubu, kibubu, mama yako alimeza ufunguo." Mama mkwe wangu, Bi Siwema, ambaye Mungu alimpa ulimi wa watu wawili, labda kwa kuchukua wa mjukuu wake, alisema siku moja tukiwa tumezunguka sinia, "Saidi, huyu mutoto hakuzaliwa. Aliachwa tu hapa." Kisha akaendelea kula, akachagua na kipande cha samaki kisicho na miiba.

Nikampeleka misheni. Masera, wale watawa wa kike, walimchukua asubuhi, wakamrudisha adhuhuri. Yule sera mnene alinishika mkono akasema kwa huruma, "Papa Saidi, amahoro. Huyu mutoto Mungu anamupenda sana. Lakini kwa shule, hapana." Nimegundua kwamba Mungu akimpenda mtu sana, watu hujiona wamepumzishwa kazi hiyo.

Aliyempata ni Bilali, na hakuwa anamtafuta. Bilali ni Mbembe wa ng'ambo ya ziwa, mshonaji wa nyavu, mlevi, mwenye mdomo ambao hata walevi wenzake wanaukemea. Asubuhi, nyavu zikiwa juani, hukaa juu ya mtumbwi uliopinduliwa akapiga likembe, kile kisanduku cha ubao chenye ndimi za chuma ambazo mtu huzidonoa kwa dole gumba. Alikuwa na kawimbo kamoja kafupi kasiko na maneno, kanapanda kidogo, kanazunguka, kanashuka, kanatua. Tausi alikuwa akinifuata nikienda kukusanya karabai. Akakasikia. Akaenda akasimama nyuma ya Bilali, akamgeuzia mgongo, na mikono yake, ambayo haijapata kutulia tangu azaliwe, ikatulia.

Bilali akaona. Na kwa kuwa ni mtu mbaya, akatafuta namna ya kumuumiza. Alipiga kawimbo mpaka karibu na mwisho, akauzuia ule mlio wa kutua. Kakabaki kamening'inia kama mguu wa mtu anayeshuka mtumbwini akidhani pana mchanga. Tausi akaanza kutetemeka, akajipiga mapaja, akalia. Wavuvi wakacheka mpaka wakashikana mabega.

"Mutazame vile anakatika," Bilali akasema. "Kama samaki ya mukeke ndani ya ndoo."

Kisha akauachia ule mlio, na mtoto akapoa papo hapo. Akarudia. Akarudia kesho yake, na siku zilizofuata. Ikawa ndiyo burudani ya ufukweni wakati nyavu zinakauka. Mimi nilitazama. Unajua ndiyo tabia yangu, hata ulipokuwa unachapwa nilikuwa natazama vizuri. Nikaona kitu ambacho wale hawakukiona, kwamba mtoto hakimbii. Anateswa, analia, na asubuhi inayofuata ndiye wa kwanza kufika.

Siku moja Bilali aliuzuia ule mwisho kupita kiasi. Akajifanya kupiga miayo. Akamwomba mtu tumbaku. Tausi akatoka nyuma, akamzunguka, akamkabili. Hakumtazama usoni, alitazama dole gumba. Akanyoosha kidole chake akaudonoa ule ulimi wa mwisho, sawasawa, palepale panapotakiwa.

"Ee," Bilali akasema. "Huyu mutoto iko na masikio. Ameniibia mwisho yangu."

Akapiga tena, akaacha. Tausi akaweka. Basi Bilali, ambaye wema haujapata kumkalia hata kwa bahati, akapiga mpaka karibu na mwisho, kisha akakificha kisanduku nyuma ya mgongo. Tausi akatafuta kwa mikono, hakukiona. Akafungua kinywa akauimba. Sauti moja, nyembamba, iliyonyooka. Dada, ilikuwa mara ya kwanza kusikia sauti ya mwanangu ambayo haikuwa kilio.

Mimi shule sikwenda, kusoma nilijifunza kwa makaratasi ya kufungia sabuni. Lakini nikawaza hivi: kama anaweza kuweka sauti mahali palipoachwa wazi, basi anaweza kuweka neno. Nikamwambia Bilali aimbe maneno juu ya kale kawimbo, na mwisho aache nafasi. Akanitukana kwanza, ndiyo bei yake. Kisha akaimba, "Tausi iko na kiu, anataka..." akakata. Mimi nikashika kikombe. Tukangoja. Bilali akanikonyeza kwamba nimepotea akili. Siku ya kwanza hakuna kitu. Siku ya pili hakuna kitu. Juma lile likapita, na katikati ya lile jingine, akiwa ametugeuzia mgongo, akaimba, "maji."

Nikampa. Akanywa, akarudisha kikombe bila kunitazama, kama tajiri.

Baada ya hapo ikaja ndizi, ikaja kulala, ikaja hapana. Ukisema naye kwa maneno makavu, hayupo. Ukimwimbia kale kawimbo, ukaacha nafasi, ukangoja, ukajizuia kumsaidia, anakuja mwenyewe na kukaa ndani ya nafasi ile. Siri yote ilikuwa kungoja, na kungoja ndicho kitu ambacho watu wazima hawana. Mwajuma akajifunza kawimbo, yeye ambaye anaona haya hata ya kuitikia dua kwa sauti. Siku moja anatwanga sombe, majani ya muhogo, uani, akaimba kwa mdundo wa mchi, "Anayetwanga hapa ni nani? Ni..." Akaacha. Mchi ukaenda mara kadhaa mtupu. Tausi, akipanga vijiti vyake chini ya ukuta, akaimba bila kugeuka, "mama."

Mwajuma hakusimama. Aliendelea kutwanga mpaka sombe likawa uji, maana aliogopa akisimama kawimbo katakatika. Nilimwona machozi yanadondokea kinuni. Tulikula sombe lile, lilikuwa baya sana.

Kosa letu ni kwamba tulifurahi hadharani. Huku kwetu, na wewe uliye fundi wa pepo unajua kuliko mimi, mtu asiyesikia maneno lakini anasikia wimbo ni wa aina moja tu. Ni kiti cha pepo. Kila pepo ana wimbo wake. Fundi huzijaribu nyingi mpaka mmoja umshike mwele, hapo hupiga makofi akasema, amejitaja. Sasa hapa pepo amejitaja mwenyewe, mchana, kwa likembe ya mlevi. Bi Siwema akawaambia wanawake wa bombani, wakawaambia wenye mitumbwi, mitumbwi ikakuambia wewe. Na jibu lako likashuka Rumonge kwa miguu ya Bi Mwamini, mkono wako wa kulia, pamoja na ubani, kaniki, na kuku mwekundu aliyesafiri vizuri kuliko abiria wengine.

Alikaa kwenye mkeka wetu akasema, "Da Zuhura anawasalimu. Anasema pepo aliyetajiwa wimbo wake asipokaribishwa, akaagwa na kufungwa, hugeuka mwizi. Leo anaimba kwa kinywa cha mtoto. Kesho atakula kilichomo tumboni mwa mama yake."

Mimba ndiyo kwanza ilikuwa imeshika, Dada, na kabla yake Mwajuma alikwisha kupoteza moja. Ulijua pa kugusa. Nilimwona akiweka mkono tumboni, na tangu saa ile sikuwa tena na mtu wa upande wangu ndani ya nyumba.

"Bi Mwamini," nikasema, "kama ni pepo, mbona anaomba ndizi?"

"Wako wanaopenda ndizi, mwanangu."

"Na anamwita mama yake."

"Hapo ndipo hatari ilipo."

"Basi mwache kwanza. Ana maneno machache. Akipata mengine mtamfunga."

Akanitazama kwa upole wote wa Ujiji. "Saidi, wewe kazi yako taa. Umesikia mimi nikikufundisha kuwasha taa?"

Ilikuwa Alhamisi, baada ya adhuhuri, uani kwangu. Wapiga ngoma walikuwa vijana walewale wa siku ya bendera, na mikono yao bado ilikuwa na hamu. Bilali akaitwa awafundishe kawimbo. Alikubali kwa shati jipya, akakaa nalo mlangoni akiwa amefunga vifungo vyote mpaka shingoni, mara ya kwanza kumwona mtu yule anafanana na binadamu.

Walipoanza, Tausi alitoka mwenyewe ndani. Hilo nataka ulijue, maana Bi Mwamini hatakuwa amekuambia. Hakuvutwa. Alisikia wimbo wake, mkubwa kuliko alivyopata kuusikia, akatoka anakimbia. Akafika mpaka kwenye ngoma, akasimama, akangojea nafasi yake ya mwisho.

Hawakumpa. Ngoma ile haikujua kungoja. Ilifika mwisho ikaumaliza yenyewe, mikono yote pamoja, ikaanza upya. Akaimba yake, ikafunikwa. Ikaanza upya, akaimba tena, ikafunikwa. Akamshika mpigaji mkono, anauvuta, anataka kuuzuia pale pa mwisho.

"Anapanda," Bi Mwamini akasema. "Kazeni."

Wakakaza. Akaziba masikio. Wanawake wakamtoa mikono masikioni, wakaishikilia, ili pepo asikie vizuri. Akapiga mayowe, wakapiga vigelegele. Akamng'ata jirani yetu mmoja, na jirani akaonyesha alama kwa fahari, kama mtu aliyevishwa bangili. Wakamfunika kaniki juu ya chetezo. Bi Mwamini akainama, akauliza ndani ya moshi, "Wewe nani? Taja jina. Unataka nini?"

Ngoma ikashuka kidogo ili jibu lisikike. Na kwa kuwa hapo ndipo nafasi ilipopatikana kwa mara ya kwanza mchana ule, Tausi akaimba, "maji."

Bi Mwamini akawageukia watu. "Mmesikia? Ni wa ziwani."

"Ana kiu," nikasema.

Watu wakanitazama kama mtu aliyeongea wakati wa hotuba. Mwajuma akainuka kwenda mtungini. Bi Siwema akamshika upindo wa kanga akamketisha. "Ukimupa maji, unamupa njia. Kaa."

Akakaa. Sikumlaumu siku ile na simlaumu leo. Alikuwa na mkono mmoja tumboni na mwingine umekunjwa ngumi mapajani. Ilipofika alasiri Tausi alianguka, hakupiga kelele tena. Bi Mwamini akatangaza ametoka. Likembe ya Bilali ikaviringishwa katika kaniki pamoja na ubani, ikapelekwa kwa mtumbwi mpaka maji meusi, ikaachiwa. Tukarudi ufukweni, kila mtu akaweka mkono juu ya chetezo akaapa, kwa jina lako Dada: wimbo ule hautapigwa, hautaimbwa wala kupigwa mluzi mbele ya mtoto katika ufuko huu, na atakayevunja, pepo atarudi kwa njia ya tumbo la mama. Nami niliapa. Mke wangu alikuwa ananitazama.

Bilali naye aliapa, ndani ya shati lake. "Nitatengeneza ingine," akaniambia kando. "Mbao iko mingi." Lakini wavuvi walianza kuogopa vidole vyake, wasije wakasikia kawimbo kwa bahati mbaya, wakamwambia nyavu zao zimepona zote. Yuko Magara sasa. Alipita kuaga. Alimtazama Tausi, akamtukana polepole kwa Kibembe, akaenda zake. Nadhani alikuwa analia, ingawa kwa Bilali mtu hawezi kuwa na uhakika kama ni macho au pombe.

Basi amepona. Ndivyo mji unavyosema. Walikuja na mchele kutupongeza. Halii tena, hang'ati, hapangi dagaa. Watoto wa bombani wameacha kumtania, maana hakuna raha kulitania jiwe. Bi Siwema anampita uani na kusema, "Sasa tumepata mutoto." Haombi ndizi. Haombi maji, asipopewa hanywi, midomo ikapasuka mpaka nikazoea kumwekea kikombe mkononi na kumkunjia vidole. Asubuhi huenda ufukweni, hukaa pale ulipokuwa mtumbwi wa Bilali, mgongo kwa watu. Wavuvi huhamia mbali, wasije wakapiga mluzi kwa kusahau. Mwanangu sasa ana nafasi kubwa kuliko mkuu wa komini.

Nilijaribu, sikufichi. Nilimchukua mpaka njia ya Gatete, ndani ya michikichi, mbali na maji, nikaimba. Sauti yangu unaijua, mama alikuwa akinikataza hata kuadhini kwa mchezo. Niliimba mpaka karibu na mwisho, nikaacha. Tausi akageuza kichwa. Akanitazama mdomo. Midomo yake ikakutana, kama ya mtu anayeanza herufi. Hapo akatokea mwanamke na kopo la mawese kichwani, akasikia, akashika njia. Alifika nyumbani kabla yetu.

Mwajuma alikuwa amesimama mlangoni. "Saidi, uliapa."

"Niliapa kwa ufuko. Kule ni shambani."

"Pepo anajua mpaka wa shamba?"

"Mwajuma, alikuwa anakuja. Nimemwona."

Aliegemea mwimo wa mlango. Kisha akasema, si kwa hasira, na ingekuwa heri kwa hasira, "Aliniita mama, hata mimi nilisikia. Kila siku nasikia. Lakini yule hafi kwa kukosa wimbo. Huyu wa humu ndani atakufa kwa kuusikia. Unataka nifanye nini?"

"Nani akikuambia hatakufa utamwamini?"

"Da Zuhura. Mwenyewe. Si wewe."

Tangu siku ile Bi Siwema amekuwa akilala kwetu, kulinda. Akasema kuzaa kusitokee chini ya paa moja na mtoto yule, baba mtu akiwa mwongo wa viapo. Mwajuma hakubisha. Na mwongo wa viapo ni kweli. Lakini walipoulizana apelekwe wapi, wakamtaja mjomba wa Bururi, na shangazi wa Gitaza, mimi ndiye niliyesema Ujiji, kwa shangazi yake aliyemponya. Wote wakaona ni heshima. Bi Siwema alinisifu kwa mara ya kwanza tangu nioe.

Sasa sikiliza kwa makini, na shemeji asome polepole. Kiapo kilikuwa cha ufuko huu. Ujiji haikuapa. Mama Asha siku ile alikuwa Uvira kununua vitenge, naye hakuapa. Nimemfundisha kawimbo, huko michikichini, naye ni hodari kuliko mimi. Mwambie akuimbie mara moja tu, utakashika. Ulikuwa unashika nyimbo za harusi kabla bibi harusi hajakaa. Kisha mwite Tausi kwa kawimbo hako, ukiwa karibu lakini usimguse. Ukifika mwisho, acha. Usimsaidie. Utaona aibu, utaona ni upuuzi, wageni wako watakohoa. Ngoja tu. Siku nyingine haji. Ngoja na kesho.

Najua ninachokuomba. Nasikia wanawake wanatoka mpaka Kasulu kuja kwenye kilinge chako kwa sababu ya mtoto wa Rumonge aliyenyamazishwa. Akiimba, wataona pepo hakutoka, nao watapeleka kuku zao kwa mwingine. Asipoimba, jina lako litabaki lilipo, na utakuwa umepata mtoto mtulivu wa kuonyesha wageni, asiyekula sana. Hakuna njia ya tatu, nimeitafuta. Na mtu wa kuamua si mimi wala Bi Mwamini, ni wewe, katika chumba chako, naye anazungusha kifuniko.

Ukiamua aimbe, mwandikie Mwajuma barua kwa jina lake, useme kwa ulimi wako kwamba tumbo lake ni salama. Mimi nitamsomea neno kwa neno, na sitaongeza kitu, ingawa naweza.

Msalimie Mama, umweleze mjukuu hapendi kukumbatiwa, asichukie. Msalimie shemeji kwa kazi ya kusoma. Wasalimie wanao wakubwa, na yule mdogo wetu wa bandarini anayedhani nimekuwa tajiri. Bi Mwamini umpe salamu zake pia. Mwambie nimeendelea na taa. Mwajuma hasalimii. Si kwa ubaya. Asubuhi ya safari alimfunga Tausi kitenge, akakaza fundo, akalifungua, akalifunga tena, kisha akaingia ndani na hakutoka mpaka boti lilipopotea.

Siku zake za kujifungua zimekaribia. Usichelewe, Dada, maana ukichelewa hilo nalo tutalisoma kuwa ni jibu.

Ni mimi mdogo wako wa tumbo moja,
Saidi, fundi karabai